Wapangaji wa Kuazima

"Hiyo ya mtoto ianike mbele," Mbuvi alimwambia mkewe. "Mtu akiona nguo ya mtoto anajua hapa kuna familia."

Mbithe aliitoa fulana ndogo ya kijani kwenye karai, akaikamua, akaitazama. Haikuwa ya mwanawe Mulwa wala ya mjukuu wake. Ilikuwa imetoka Nunguni ndani ya gunia, pamoja na mashati, sketi na suruali za watu wa kanisa lao. Nguo zenyewe zilikuwa safi tayari. Alikuwa akizifua upya ili zionekane zimefuliwa na watu wanaoishi pale Matiliku, katika vyumba vinane vya mawe ambavyo hata kimoja hakikuwa na mtu.

"Na wenyewe uliwaambia nguo zao zinaenda wapi?"

"Niliwaambia watusaidie."

"Watusaidie na kaptura ya shemasi?"

Mumbua, dadake Mbuvi, alicheka mpaka akaketi kizingitini. Alikuwa amekuja kutundika mapazia, na mengine alikuwa ameyatoa kwenye madirisha yake mwenyewe. "Mama Mulwa, usimchokoze kaka. Kaka, mnunuzi akija kesho mimi ni nani? Mwalimu ama nesi?"

"Wewe ni mpangaji tu. Ukiulizwa, sema umekaa hapa mwaka mmoja."

"Na mume wangu?"

"Sema yuko kazini."

"Asi! Angalau ploti yako imenipa mume mwenye kazi."

Mbuvi hakucheka. Alikwenda kutoka mlango hadi mlango akiweka viatu vya zamani nje, jozi hapa, jozi kule, vingine vimekaa upande kana kwamba mtu amevivua kwa haraka. Alifanya kazi hiyo kwa uangalifu, kama alivyofanya kila kitu. Hakuwa mtu wa ujanja. Mbithe alikuwa mkewe kwa miaka mingi na hakuwahi kumshika na uongo wa maana, na ndiyo sababu ilimuuma zaidi kumwona ameinama akipanga viatu vya watu wasiokuwepo.

Kosa lake lilikuwa jingine. Mbuvi alikuwa ameendesha lori la saruji huko Athi River kwa miaka ishirini na zaidi, na kwa miaka hiyo yote alilala chumba cha kukodi, katikati ya watu waliolala vyumba vya kukodi. Mwenye ploti hiyo ya vyumba alikuwa mzee mnene aliyekaa chini ya mwavuli akingoja mwisho wa mwezi. Mbuvi alimtamani mzee yule kama vijana wanavyotamani wachezaji wa mpira. Alipostaafu, barabara ya kuja Matiliku ilikuwa inawekwa lami, na kila chumba kilichokuwa pale sokoni kilikuwa na kibarua wa mkandarasi ndani yake, vingine wawili wawili. Akaja siku ya soko, akasimama juu pale penye kituo cha mafuta, akaona watu wamejaa kama siafu. Akarudi nyumbani Nunguni na kusema, "Mama Mulwa, hawa watu wote wanahitaji kulala."

"Si wanalala kwao?" Mbithe alikuwa ameuliza.

"Wewe hujakaa mjini," alimjibu, na kwa kuwa ni kweli hakuwa amekaa mjini, Mbithe alirudi kwenye sukuma wiki zake.

Pensheni haikutosha kujenga vyumba Matiliku. Wakaongezea mkopo wa benki, wakaweka hati ya shamba la Nunguni kama dhamana. Lami ikafika, mkandarasi akakunja mahema, vibarua wakaondoka na magodoro yao mgongoni. Vyumba vya Mbuvi vilikuwa ndiyo kwanza vinapakwa rangi. Sasa benki ilikuwa imeandika mara tatu, na barua ya mwisho ilisema shamba litapigwa mnada. Shamba hilo ndilo nyumba yao yenyewe, parachichi zao, sukuma wiki ambazo Mbithe aliziuza, na mteremko ule wa baridi alikoletwa kama bibi arusi. Ploti ikiuzwa kwa bei aliyotaka Mbuvi, shamba lingerudi. Isipouzwa, lingeondoka. Hakukuwa na njia ya tatu.

Jumapili iliyopita mchungaji alikuwa amewaombea. Alifanya hivyo kwa nia njema, bila kuwataja. "Tuikumbuke familia moja yetu yenye nyumba zisizo na watu," alisema kwenye kipaza sauti, na kanisa zima likainamisha vichwa, kisha, kabla ya kufumba macho, likageuka kuangalia benchi yao.

*

Mnunuzi alikuja siku ya soko, kwa sababu Mbuvi alikuwa amemwambia aje siku hiyo.

Aliitwa Sandra. Alikuwa msichana wa miaka kama thelathini, mwenye duka la simu kule Emali, mtoto wa watu waliotoka Murang'a zamani wakakaa kando ya barabara ya Mombasa na kufanya biashara. Babake, Mbogo, alikuwa amefariki kazini, na kampuni ilikuwa imewalipa fidia. Alisema mambo haya waziwazi, bila kujifanya, akiwa amesimama na Mbuvi na Mbithe pale pale penye kituo cha mafuta.

Chini yao soko lilikuwa limejaa. Mbuzi walilia, wauza ndoo waligonga ndoo, wamama walikaa nyuma ya mafungu ya ndengu na mbaazi, na pikipiki zilipenya katikati ya watu zikipiga honi. Sandra alitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema, karibu kwa kunong'ona, "Kumbe watu ni wengi hivi."

Mbithe aligeuka kumtazama. Ilikuwa sauti ile ile. Sauti ya Mbuvi jioni ile aliporudi kutoka sokoni.

"Na hawa watu, Mzee, wanakaa hapa hapa?"

"Wengine hapa, wengine karibu," Mbuvi alisema, na macho yake yakaenda kwa mbuzi.

Kwenye ploti mambo yalikwenda vizuri kupita kiasi. Nguo zilipeperuka. Nyuma ya pazia la chumba cha nne redio iliimba. Mumbua alitoka na beseni kiunoni, akasalimu, akasema yeye amekaa mwaka mmoja na mume wake yuko kazini.

"Kazi gani?" Sandra aliuliza kwa upole.

Mumbua hakuwa amejiandaa kwa hilo. "Ya... ya mbali," alisema.

"Aki pole. Maisha ni magumu."

"Ni magumu sana, mwanangu," Mumbua alisema, na kwa vile mume wake wa kweli alikuwa ameondoka kitambo asirudi, machozi yalimlengalenga bila yeye kuyaita.

Mbuvi alipokwenda kumtafuta mtu wa kuonyesha mpaka wa ploti, Sandra alibaki na Mbithe kando ya tangi la maji. Alikuwa anagonga tangi kwa vidole, akisikiliza lina maji kiasi gani. Halikuwa na maji mengi. Maji ya Matiliku yalinunuliwa kwa mtungi wakati wa kiangazi, na hilo nalo lilikuwa jambo ambalo mpangaji angeuliza kwanza, kama kungekuwa na mpangaji.

"Mwanangu," Mbithe alisema, "njoo siku ambayo si ya soko."

"Kwa nini, Mama?"

"Uone. Hapa saa kumi na moja jioni soko linabaki na mbwa. Hawa watu umewaona wana kwao. Mkamba hakodi nyumba akiwa karibu na kwao. Wanaokodi ni walimu na watu wa hospitali, na hao ni wachache, na Ijumaa wanaondoka. Hizi nyumba hazina watu."

Sandra alimtazama. Kwanza alishangaa, kisha kitu kikatulia usoni mwake, akatabasamu kama mtu aliyegundua ujanja wa mtoto.

"Mama, nimeelewa. Hata mama yangu alilia wakati tuliuza ng'ombe. Wamama hawapendi kuuza. Hukukosea kujaribu."

"Sijaribu kitu. Nakuambia ukweli."

"Nguo zote hizi ni za nani basi?"

Mbithe alifungua mdomo. Mbuvi alikuwa anarudi na mzee wa kijiji, anakuja haraka, koti lake bora likiwa limefungwa vifungo vyote katika jua lile. Jibu lilikuwa rahisi, lakini lingemvua mumewe nguo mbele ya mtoto wa watu. Alifunga mdomo.

"Unaona," Sandra alisema, na akampapasa mkono.

*

Msichana hakukosa kumwambia Mbuvi. Alimwambia kama utani walipokuwa wakiagana. Mbuvi alicheka naye, akamsindikiza, akarudi, na akangoja mpaka Mumbua alipomaliza kufunga mapazia kwenye gunia na kuondoka.

"Ulimwambia."

"Nilimwambia. Hakusikia."

"Mungu amekusaidia hakusikia." Alikaa kwenye mtungi uliopinduliwa. "Mama Mulwa, mimi simwibii. Nyumba ziko. Mawe yako, mabati yako, hati iko. Nilizijenga na jasho. Yeye ni kijana, ana nguvu. Pengine ataleta kitu mimi sikuweza kuleta."

"Kama nini?"

"Sijui! Watu wa Emali wana akili ya biashara."

"Alisimama mahali pale pale uliposimama. Akasema vile vile ulivyosema."

Hilo lilimfika. Alikwangua matope kwenye kiatu chake kwa kijiti, muda mrefu kuliko matope yenyewe yalivyohitaji.

"Sawa," alisema mwishowe. "Nilikosea. Umetaka niseme, nimesema. Lakini sikiliza. Wazee wa bodi ya ardhi watakuuliza kama umekubali niuze. Bila wewe hakuna kitu. Ukisema neno lingine huko, basi aliyeuza Nunguni ni wewe. Si mimi tena."

Mbithe alitaka kupiga kelele. Kosa lilikuwa limezunguka kutoka mkono mmoja hadi mwingine, na sasa lilikuwa limetua kwake, ambaye aliuliza swali moja tu zamani zile na akaambiwa hajakaa mjini. Aliokota mtungi wake na kwenda kununua maji, ingawa maji hayakuhitajika.

*

Bodi ya ardhi ilikaa kwenye ukumbi wa ofisi za serikali. Sheria ilitaka ardhi yoyote ikiuzwa wazee wa bodi waridhie, na mke wa mwenye kuuza asimame mbele yao aseme kwa mdomo wake kwamba amekubali. Sandra angetoa pesa baada ya hapo. Watu walikuwa wengi nje, kila mtu na bahasha yake, na benchi ilikuwa moja.

Mbithe alisogea kumpa nafasi mama mmoja mzee mwenye kitambaa cha samawati kichwani. Mama yule alikaa kwa shida, akishika magoti, akaweka mkoba wake mapajani na kuukumbatia kwa mikono miwili.

"Asante, mama. Wewe ndiye Mama Mulwa? Mimi ni Gakenia. Mama ya Sandra."

Wakasalimiana. Sandra na Mbuvi walikuwa mlangoni wakizungumza na karani.

"Nimefurahi kukuona," Gakenia alisema. "Sandra ameniambia vile mlivyo watu wazuri. Unajua mimi nimeuza mitumba kando ya barabara tangu nilipokuwa msichana. Vumbi ile ya malori imenimaliza kifua. Sasa na magoti. Mzee alipokufa, watoto wakasema, gawa hizi pesa. Sandra akasema hapana, zitafutiwe nyumba za kukodisha, mama awe akikaa akila kodi." Alicheka kidogo, kwa aibu. "Mimi nikae tu. Fikiria. Nimemwambia nitakuja hapa nikae chumba kimoja, nijue wapangaji kwa majina."

Mbithe aliangalia mkoba. Ngozi yake ilikuwa imechakaa pembeni na kushonwa kwa uzi wa rangi nyingine.

"Kuna wengine wana watoto?" Gakenia aliuliza. "Sandra aliona fulana ya mtoto."

Wakati huo waliitwa ndani.

Mzee Mutiso, mwenyekiti wa bodi, alikuwa na miwani ambayo alivaa kusoma na kuvua kusikiliza. Kando yake walikaa wazee wengine watano. Alisoma namba ya ploti, jina la mwenye kuuza na la mwenye kununua. Akavua miwani.

"Mama, mume wako anauza. Umekubali bila kulazimishwa?"

Ukumbi ulikuwa na joto. Mbuvi alikuwa amesimama kando yake, ameshika kofia kifuani. Hakumwangalia. Aliangalia meza, kama mtu anayengoja kusomewa hukumu.

"Nimekubali auze," Mbithe alisema.

Mwenyekiti alivaa miwani aandike.

"Lakini mnunuzi ajue anachonunua."

Miwani ikavuliwa tena. "Mama, hapa tunauliza swali moja tu. Ni ndio ama hapana. Bodi haiangalii biashara ya mtu."

"Ndio, mzee. Nimesema ndio. Naomba tu niwaulize wazee kitu." Sauti yake ilikuwa ndogo, na ilibidi wote wanyamaze ili wasikie. "Kati yenu, kuna mtu analipa kodi ya nyumba?"

Wazee walitazamana. Kisha mmoja, mwenye fimbo, akaangua kicheko.

"Mimi nilipe kodi nikiwa na kwetu? Nimelaaniwa?"

Wengine wakacheka naye, na kicheko kikafika kwa watu waliokuwa wakingoja mlangoni. "Hata mwanangu," mzee mwingine alisema, "akiniambia anakodi chumba hapa Matiliku nitamuuliza nani amemfukuza."

"Mimi nalipa," karani alisema, akiinua kalamu. Alikuwa kijana mwembamba. "Lakini mimi ni wa Kitui."

"Na wakikuhamisha?" Mbithe aliuliza.

"Nitaenda. Hapa nitabaki na nani?"

Wakacheka tena. Walikuwa wakichekea jambo ambalo kila mmoja wao alilijua tangu utoto, na hakuna aliyejua walichokuwa wakivunja kwa kulicheka. Sandra hakucheka. Alikuwa ameanza kuangalia nyuso za wazee, mmoja mmoja, kisha zile za mlangoni.

"Na watu wa soko?" Ni Gakenia aliyeuliza, kutoka nyuma.

"Wanaenda nyumbani, mama," mzee mwenye fimbo alimjibu kwa wema. "Kwani wewe ukitoka sokoni unaenda wapi?"

"Lakini nguo," Sandra alisema. "Niliona nguo. Niliongea na mpangaji!"

Hapo Mbuvi aliinua kichwa. Mbithe alikuwa tayari kunyamaza, hilo alikuwa ameliamua njiani, kwamba neno hilo hatalitoa yeye. Mbuvi aliikunja kofia, akaikunjua.

"Ni dada yangu," alisema. "Na nguo ni za kanisa."

Hakuna aliyecheka sasa. Mzee Mutiso aliisukuma faili pembeni kwa kidole kimoja. Gakenia alisimama, akashika magoti, akauweka mkoba kwapani. Hakusema neno baya. Alisema, "Twende, Sandra," kwa sauti ya mtu aliyechoka tangu zamani.

Nje, Sandra aliwafikia kwenye uwanja wa magari. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakumjia Mbuvi. Alimjia Mbithe.

"Ungeniambia mapema! Nimelipa mpima ardhi, nimelipa wakili, nimefunga duka siku ngapi! Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikuambia."

"Hukusema vizuri!"

Pengine ni kweli Mbithe hakusema vizuri. Pengine kuna namna ya kusema ukweli ili uonekane ukweli, na wengine hufundishwa namna hiyo na wengine hawafundishwi. Sandra alimshika mamake mkono na wakaondoka kuelekea barabarani, polepole, kwa sababu ya magoti.

*

Mbuvi na Mbithe walikaa kwenye ukuta mfupi nyuma ya ofisi, penye kivuli. Mbuvi alikuwa amenunua mahindi mawili ya kuchoma na alikuwa amemshikia la kwake, ingawa hakumwangalia. Alikula safu moja ya punje, akaacha.

Mbithe alingoja. Alikuwa na majibu yake yote tayari, ya zamani na ya leo. Kama Mbuvi angesema, "Wewe ndiye umeuza Nunguni," angemjibu, na angemjibu vizuri, wazee wa bodi wangesikia kupitia dirishani. Mbuvi hakusema hivyo.

"Mnada ni mwezi ujao," alisema mwishowe.

"Najua."

"Watatupa siku kidogo za kutoka Nunguni." Aliligeuza hindi mkononi. "Wewe umesafisha vile vyumba vyote. Ni vyumba vipi havivuji?"

Hasira ambayo Mbithe alikuwa ameiandaa ilibaki bila mtu wa kuipokea. Alifikiri. "Cha pili. Na cha sita."

"Vimeachana."

"Ndio, vimeachana. Vya katikati vinavuja vyote, fundi wako hakupiga misumari vizuri."

Mbuvi alitikisa kichwa kukubali kuhusu fundi. Akakokotoa kitu mwenyewe, midomo ikicheza.

"Kitanda kikubwa kitaingia cha pili. Meza hapana. Kabati pia hapana, tutampa Mumbua." Akaangalia barabara ya lami, ambako hapakuwa na mtu saa hiyo. "Basi tuchukue cha pili peke yake. Cha sita tusikiguse."

"Kwa nini? Tutabanana kama kuku."

"Tukiache wazi," Mbuvi alisema. "Pengine atakuja mtu."